Papa wa Kamalondo, Sheila hakumtukana mzazi wake

Bwana Muhariri,

Salamu nyingi kutoka Katuba, hapa Lubumbashi. Naandika juu ya ile barua ya papa wa Kamalondo mliyoitoa juma lililopita, ile inayosema vijana wa paroasi wametuletea tiyatri ya wazungu yenye kufundisha watoto kuwatolea wazazi macho. Mie nilikuwa mu sali, ule ukumbi wa mchezo, siku ileile, nilikaa mstari wa pili karibu na dirisha juu kulikuwa joto na delestaje, kule kukatwa kwa umeme, ilikuwa imezima feni zote, na nikaona papa mmoja anasimama kabla ya mwisho anatoka na mke wake. Labda njo yeye, labda siyo. Lakini kwa vile alivyoeleza mambo mu barua yake naona alitoka mapema, kwasababu kile kilichokuja kisha watu wale kutoka njo chenye mchezo wote ulikuwa unakitafuta, na yeye hakukigusa hata kidogo. Basi naomba nafasi nimjibu, kwa heshima yote, yeye ni papa kwangu.

Kwa wale hawakuiona nieleze. Mchezo unaitwa An Inspector Calls, aliuandika J.B. Priestley, Mwingereza wa Bradford, mji wa viwanda vya sufu, mtu aliyezaliwa 1894 na akapigana vita ya kwanza ya dunia. Ulichezwa mara ya kwanza Urusi mwaka 1945, London wakauona 1946. Ila mambo yenyewe aliyarudisha nyuma mpaka 1912, mu mji wa kubuni unaoitwa Brumley. Vijana wetu waliutafsiri wenyewe mu Kiswahili cha hapa kwetu, majina wakayaacha vile yalivyo, na kusema ukweli walifanya kazi nzuri, ulikuwa unasikia mtu anaongea kama anavyoongeaga nyumbani kwake, siyo kile Kiswahili cha kusoma mu kitabu.

Ni usiku, famiya ya Birling imemaliza kula. Papa Birling ni patroni wa kiwanda. Binti wake Sheila amechumbiwa na Gerald Croft, mtoto wa patroni mkubwa zaidi, na papa anafurahi mara mbili, anafurahia ndoa na anafurahia biashara, juu kampuni yake na ile ya akina Croft zilikuwa zinashindana na sasa labda zitashikana mikono, gharama zishuke na bei ipande. Anasema hivyo mbele ya watoto bila haya. Kisha anatoa hotuba. Vita haiwezi kuja. Meli mpya Titanic haiwezi kuzama. Na mwanaume anapashwa kujiangalia yeye na watu wake tu, hawa wanaosema sisi wote tunaangaliana kama nyuki wa mzinga moja ni watu wa kichwa kibovu. Pale pa Titanic sali nzima ilicheka, na mie nilicheka, nani asiyejua ilizama mwezi wa ine 1912. Bado tunacheka, kengele ya mlango inalia.

Anaingia inspekta, anajiita Goole. Anasema kuna binti amekufa hospitalini, alikunywa dawa ya kuua vijidudu, ikamuunguza tumbo. Jina lake Eva Smith. Na kidogo kidogo tunaona kila mtu pale mezani alimgusa yule binti bila kujua mwenzake pia alimgusa. Papa Birling alimfukuza kiwandani mwaka 1910, kisa yeye na wenzake waliomba mshahara utoke shilingi 22 na peni 6, yaani 22 na nusu, ufike shilingi 25 kwa juma, wakagoma, mgomo ukavunjika, walioongoza wakatolewa. Hesabu mwenyewe tofauti. Shilingi 2 na nusu. Sheila alimfukuzisha kwenye magazini ya nguo juu alivaa robe isiyompendeza, akaona yule binti ametabasamu, akaenda kwa mukubwa wa magazini akamwambia mtoe huyu la sivyo mama yangu na mie hatununui tena hapa. Gerald alimfanya mpenzi wake miezi kadhaa akamwacha. Eric, mtoto mwanaume wa nyumba, mlevi, akampa mimba, akaiba pesa za papa yake kumsaidia, na binti alipojua ni za wizi akazikataa. Mwisho akaenda kuomba msaada kwa komite ya wamama wa huruma, na mwenye kiti pale alikuwa Mama Birling, akamkatalia.

Sasa papa wa Kamalondo anasema Sheila ni mtoto asiye na adabu. Papa, mie nilimwangalia yule mtoto kwa makini kwasababu na mie nina wa umri ule. Sheila hakuanza na wazazi wake, alianza na yeye mwenyewe. Inspekta alipomwonyesha picha ya Eva alikimbia nje analia, na aliporudi hakungoja aulizwe mara mbili, aliweka kosa lake lote mezani, na wivu wake, na kiburi chake, na kile kitisho alichomtishia mukubwa wa magazini, mbele ya mchumba wake na mbele ya kaka yake Eric. Kisha pale njo akaanza kuwaambia wazazi: msijenge ukuta kati yenu na yule binti, huyu inspekta ataubomoa. Alikuwa anamwonya mama yake asiendelee kuongea! Na mama hakusikia, akaendelea kusema kosa ni la yule aliyempa mimba, akamatwe, aadhibiwe mbele ya watu, hajui ni mtoto wake wa tumbo anamkatia hukumu. Mtoto anayekutolea macho hakuonyi namna ile.

Na kuna Gerald. Papa hakumtaja kabisa mu barua yake na mie naona huyu njo anayeharibu hesabu ya vijana kwa wazee. Gerald ni kijana. Na ukipima vizuri yeye pekee alimpa yule binti kitu kinachofanana na wema, alimtafutia mahali pa kulala, alimlisha, alimsikiliza. Lakini saa ilipofika ya kuchagua, alienda kusimama upande wa papa Birling. Kwahiyo siyo mambo ya miaka tu. Eric na Sheila walikuwa na nyumba ileile na pesa ileile ya kupoteza, wakakubali ipotee, Gerald alikuwa na jina la papa yake, kampuni, ndoa, akaona ni bora kuvilinda.

Nifike kwa kile kilichokuja kisha papa kutoka. Inspekta ameenda. Gerald anarudi kutoka nje, amekutana na polisi mmoja, hakuna inspekta wa jina la Goole mu mji ule. Wanapiga simu kwa mukubwa wa polisi, kweli hayupo. Wanapiga simu hospitali, hakuna binti aliyekufa leo. Hata ile picha, inspekta alikuwa anaonyesha mtu moja moja, nani anajua kama ilikuwa picha moja? Basi papa Birling anapumua, anajimiminia kinywaji, anacheka, anaigiza sauti ya inspekta, anaona yamekwisha. Alikuwa anaogopa kashfa tu kwasababu alitegemea serikali imupe cheo cha heshima, awe Sir. Gerald anamrudishia Sheila pete, na Sheila anasema bado, hapana kwa sasa, anahitaji kuwaza. Na yeye na Eric wanauliza swali moja tu: hata kama hakuna inspekta, vitu tulivyovifanya si tulivifanya? Kile kiwanda si kilimtoa? Mie si nilimfukuzisha? Wazazi wanawaangalia kama watu waliochoka. Halafu simu inalia. Ni polisi. Binti amekufa sasa hivi akipelekwa hospitali, na inspekta yuko njiani anakuja kuwauliza maswali.

Taa zikazimwa. Sali ilinyamaza hata watoto waliokaa chini mbele walinyamaza.

Papa anasema pia haya ni mambo ya Uingereza hayatuhusu. Papa wangu, wewe wa Kamalondo, mtaa wa zamani wa mji huu, njo unasema hivyo? Mwaka ule wa 1912 mji wetu huu ulikuwa na miaka 2 tu, ulizaliwa 1910 kwa ajili ya mukuba, yaani shaba, na tanuru ilianza kutoa mukuba 1911, sote tumekulia chini ya ile cheminée, lile bomba la moshi, na ule mlima mweusi wa takataka zake. Union Minière, kampuni ya Wabelgiji ya mukuba, iliundwa 1906. Na mwezi wa kumi na mbili 1941, vita ya pili inaendelea, bei zimepanda, wafanyakazi wazungu wamekwisha kugoma kabla na kuongezewa, wafanyakazi weusi nao wakaomba waongezewe. Wakakusanyika ku uwanja wa mpira, tarehe 9, na askari wakawapiga risasi, wakafa makumi ya watu, na Léonard Mpoyi aliyesimama kuwasemea akafa palepale. Ile ilikuwa kabla ya Priestley kuandika mchezo wake. Hakutusikia sisi, ila shilingi 2 na nusu zile mie nilizijua pale pale zilipotajwa.

Na tena kuna ile tuliyokulia nayo, kazi njo baba njo mama. Kampuni ilikupa nyumba, posho ya unga, hospitali, masomo ya watoto, hata mchezo wa mpira. Wapapa wetu walitembea wima mu mji huu. Kisha ikaja miaka ya 90, mishahara ikachelewa miezi na miezi, na mwaka 2003 ikaanza ile ya kuondoka kwa hiari ku Gécamines, kampuni ya serikali iliyochukua nafasi ya Union Minière, watu zaidi ya 10,000 wakashika bahasha ya pesa wakarudi nyumbani, na wengi wao hata leo hawakuiti kule kuondoka kwa hiari. Mu nyumba nyingi mama akaanza kuuza mikate na makaa, watoto wakaenda kutafuta mawe ya madini, na papa akabaki kukaa mbele ya mlango na redio. Mtoto aliyeleta unga anakula kwanza, anaongea kwanza. Najua barua ya papa inatoka kule. Neno heshima akiliandika yeye lina uzito ambao mie siwezi kuuchezea, ile heshima alinyang'anywa na watu ambao hakuwahi kuwaona kwa macho, na sasa anaona watoto wanasimama juu ya jukwaa wanawahukumu wazazi, anaona wanakuja kumnyang'anya kile kilichobaki. Papa, siyo wewe waliokuwa wanakuhukumu. Papa Birling ni yule aliyetoa bahasha.

Ama ni mie. Hapa njo inanibidi niseme kitu ambacho nimekibeba tangu siku ile, na nimemuomba mtoto wangu ruhusa ya kukiandika.

Mie ni mwenye kiti wa kikundi cha wamama pale paroasi, hiki cha kusaidia wagonjwa na wajane, na nina butike ndogo ya vikwembe, vile vitenge. Miaka miwili iliyopita nilikuwa na binti wa kazi nyumbani, alikuwa na miaka 17 hivi, mpole, mwenye kuimba akifua. Siku moja aliniomba nimuongezee franga 10,000 kwa mwezi juu mdogo wake alifukuzwa masomoni kwa kukosa minerval, pesa za masomo. Nikamwambia nitawaza. Sikuwaza. Siku ile ile nililipa zaidi ya hiyo kusuka nywele, nakumbuka vizuri kwasababu alinisubiri mlangoni akaniambia mama umependeza. Majuma machache baadaye kikwembe changu cha kijani kikapotea, nikamwangalia usoni nikaona kama ananikasirikia kwa ajili ya zile pesa, nikasema njo yeye. Mtoto wangu mwanaume, yuko yuniversite, akaniambia mama siyo yeye, mama usifanye hivyo. Nikamwambia nyamaza wewe ni mtoto, unajua nini ya nyumba. Binti alitoka na kifuko chake cha plastiki, hakulia, alikunja pazia la jikoni akaliweka vizuri mezani kwasababu alikuwa amelitoa kulifua. Na Jumapili kisha misa niliwaambia wamama wa kikundi msimuchukue huyu, ana mkono mrefu.

Kikwembe kilikuwa kwa fundi cherehani. Nilikipeleka mie mwenyewe kushonwa, nikasahau. Nilikipata mwezi uliofuata, nikakivaa. Kwa wamama sikurudi kusema kitu, na mtoto wangu alikiona mwilini mwangu asubuhi ile, akaangalia chini, akaendelea kukunywa chai.

Mu mchezo kuna binti wa kazi anaitwa Edna. Ana maneno machache sana, analeta vinywaji, anatangaza kuna inspekta mlangoni, basi. Ila vijana wetu walimuacha juu ya jukwaa saa yote, amesimama karibu na mlango na sinia, wao wanajadiliana ya Eva Smith, wanalia, wanapiga kelele, na hakuna hata mmoja anayemuangalia yule wa mlangoni. Yule dada aliyemcheza alikuwa anabadilisha mguu, anachoka kweli, unaona. Mie kuanzia pale sikusikia tena vizuri wanasema nini. Nilikuwa namwangalia yeye na lile sinia. Wakati wa kurudi nyumbani tulitembea na mtoto wangu kutoka paroasi mpaka kwetu, giza kila mahali, hakuniambia neno. Angesema, ningemjibu. Hakusema.

Kwahiyo papa unaposema mchezo huu unawapa watoto kinywa, mie naona watoto wetu kinywa wanacho tangu zamani, walikwisha kusema, sisi tuliwaambia wanyamaze.

Na kwa vijana wa tiyatri nina neno moja la kulalamika. Mama Birling mlimfanya wa kuchekesha, na ile kofia kubwa na kutembea kama bata, watu walikuwa wanapiga makofi kila akifungua kinywa. Mukicheza tena mtoeni ile kofia. Yule mama haamini yeye ni mubaya, anaamini amefanya kazi yake kwa komite, amepima nani anastahili na nani hastahili, kama mie nilivyopimaga kila Alhamisi na daftari mkononi. Akichekesha, sisi wamama wa mu sali tunapata pa kujificha. Mucheze kama mama yenu. Na kundi la tiyatri la Mufwankolo lilituonyesha zamani mu Kiswahili cha hapa hapa, ku redio na ku televizyo, kwamba unaweza kuwachekesha watu juu ya tabia zao na bado waende nyumbani wanajiuliza, kwahiyo sikatazi kicheko, nakataza kile kinachomuachilia mtu.

Jumanne iliyopita nilienda kwa shangazi ya yule binti, anakaa upande wa Kisanga. Alinisikiliza amesimama, ana fagio mkononi, kiti hakunipa na sikukingoja. Akasema binti alitafuta kazi kwa nyumba tatu za wamama wa paroasi, wote wakamkatalia, hakuambiwa kwanini. Akaenda Kolwezi, mji wa migodi, anafua mawe ya madini mu maji na wamama wengine. Akanipa namba ya simu. Nimeipiga mara ine, inalia, haipokelewi. Alhamisi hii nitawaambia wamama wa kikundi kile nilichopashwa kuwaambia miaka miwili iliyopita, na barua hii kama mutaitoa kabla, bora, watakuwa wamekwisha kuijua na sitapata njia ya kurudi nyuma.

Vijana wamesema watacheza tena mwisho wa mwezi, sali ileile, saa kumi, kabla giza haijaingia. Papa, tafadhali ukuje tena na mama, na mara hii mukae mpaka simu ilie. Nitawawekea viti viwili mstari wa pili karibu na dirisha, pale hewa inaingia.

Mama wa Katuba, Lubumbashi